Kodi Ikiandikwa na Mashine, Sisi Tufundishe Nini?

Assalaam aleikum, hamjambo nyote. Nilipoaga nyumbani kwamba naenda kuzungumzia kodi, mamangu aliuliza: ya nyumba au ya serikali? Nikamwambia ni ile ya kompyuta, maagizo ya kuunda programu, wanayosomea vijana miezi sita, kisha wakakaa barazani kungoja simu.

Walimu wenzangu wa kambi za kodi, hizi kozi fupi za kuandika programu, sisi tuliuza ahadi: lipa karo, soma, toka na kazi. Maji yalianza kupwa kabla ChatGPT, mashine ya akili mnemba inayoweza kuandika kodi, haijatoka Novemba 2022. Dev Bootcamp ya San Francisco, miongoni mwa kambi za mwanzo kabisa, ilitangaza kufunga mwaka 2017. Mwaka 2019 Andela, kampuni iliyowafunza waandishi wa programu Afrika na kuwaunganisha na wateja wa nje, nao wakawaachisha wanagenzi wapatao 400 Nigeria, Kenya na Uganda. Wateja walitaka waliokomaa. Mashine imekuja kumalizia tu.

Kuna mwanafunzi wangu alimtengenezea shangaziye, muuza nafaka soko la Kongowea, mfumo wa kupokea malipo ya simu. Akili mnemba ilimwandikia kodi yote jioni moja, safi, inang'aa. Wiki ya pili, daftari la shangazi na mfumo havikubaliani: mfumo unamwonyesha pesa asizokuwa nazo. Tukaanza kuchimbua. Kumbe mtandao ukisuasua, taarifa ya malipo yale yale huingia mara mbili, na mfumo unaandika mara mbili. Ile nambari ya muamala inayokuja kwenye meseji, hakuna mahali ilipokaguliwa kama imeshaingia. Binti yule alihangaika siku tatu kuligundua hilo, akalitengeneza kwa mistari miwili. Karo tutoze kwa siku tatu zile, si kwa jioni ile moja.

Kwa hivyo mtihani uwe huu: mpe mwanafunzi kodi mbovu ya mtu mwingine, aisome, aseme itavunjikia wapi na kwa nini. Na kabla hajagusa kibodi, akashinde siku nzima na wakala wa forodha hapa bandarini Kilindini, aone kontena moja linavyodaiwa karatasi. Kijana anayejua manifesti, ile orodha ya shehena ya meli, inakwama wapi hashindani na kila mwenye laptopu duniani.

La mwisho. Mkitangaza wangapi wamepata kazi, msiwahesabu mliowaajiri wenyewe kuwa wasaidizi wa walimu. Naona huko nyuma kuna wanaocheka. Ndio nyinyi.

Haya, maswali.