Tajiri Kaondoka na Funguo

NEEMA: Haya jamani karibuni tena, leo tupo wawili kama kawaida, na kaka Side leo kaamka vibaya, toka alfajiri ananijazia simu mavoisi.

SIDE: Dada Neema nisamehe, ila kuna msikilizaji wetu wa Mbagala kanikera. Anasema wachezaji wa NBA, ile ligi ya kikapu ya Marekani, hawana haya, eti mwaka 2011 waligoma miezi mitano wakati wanakula mamilioni ya dola.

NEEMA: Kwani uongo? Hata mi nakumbuka redioni walisema mgomo.

SIDE: Hawakugoma! Hiki Kiswahili chetu kilituponza kidogo pale maana neno la ile kitu hatuna, wenyewe wanaita lokauti, na sisi kila ugomvi wa kazi tunauita mgomo. We si umekulia Dar? Chukua daladala. Dereva na konda wakipaki gari wakasema hesabu ya tajiri imezidi hatutoki, huo mgomo, sawa. Sa tajiri akija saa kumi alfajiri, akachukua funguo, akasema kuanzia leo hesabu imepanda, hamtaki gari linalala hapa hapa. Utasema dereva kagoma?

NEEMA: Hapo tajiri kaondoka na funguo.

SIDE: Eeh! Ndo ilivyokuwa. Mkataba wa ligi na wachezaji ukaisha, kufika tarehe 1 Julai 2011 matajiri wa timu 30 wakafunga milango. Mchezaji haruhusiwi kuingia jimu ya timu yake, haruhusiwi kuongea na kocha wake, yaani hata simu. Tovuti ya ligi wakatoa hadi picha za wachezaji, unaingia kwenye tovuti ya NBA humuoni LeBron humuoni Kobe.

NEEMA: Hiyo ya picha imenichekesha, kama ex anavyofuta picha Insta.

SIDE: Ugomvi wenyewe ulikuwa hesabu vile vile. Katika kila dola 100 zinazoingia kwenye kikapu, tiketi, tivii, jezi, wachezaji walikuwa wanachukua 57. Komishna David Stern, yaani mkuu wa ligi, akasema haiwezekani, timu 22 kati ya 30 zinakula hasara, jumla kama milioni 300 kwa msimu, kwa hiyo shukeni mpaka 50. Sa piga hesabu na mimi, mapato yalikuwa yanakaribia bilioni 4, asilimia moja ni kama milioni 40, mara 7...

NEEMA: Mia mbili themanini.

SIDE: Umeona? Karibu hasara yote inalipwa kutoka mfukoni mwa mchezaji. Injini imekufa, tajiri anakata posho ya dereva.

NEEMA: Ngoja kaka, ngoja. Dereva wa daladala hana nyumba tatu na gari saba. Mi ndo panaponishinda kuwaonea huruma hapo. Si wewe uliniambia ile ya Patrick Ewing?

SIDE: Aah, hiyo usiniulize mimi.

NEEMA: Nataja! Lokauti ya 1998, iliyokula msimu mpaka zikabaki mechi 50, Ewing ndo rais wa chama cha wachezaji, anasimama mbele ya waandishi anasema sisi tunapata hela nyingi kweli, ila na matumizi yetu ni mengi pia. Kaka!

SIDE: (anacheka) Ile sina la kutetea. Mtu kapata hela kaishiwa akili siku hiyo.

NEEMA: Na kuna mtu nyie hamumtajagi. 2011 msimu ulikatwa kutoka mechi 82 zikabaki 66, sawa? Ina maana kila uwanja umepoteza kama siku nane za kazi. Yule mama anayeuza bisi uwanjani, anayeegesha magari, anayefagia, huyo hana asilimia 57 wala 50, yeye kama hakuna mechi ni hana kitu. Wakubwa wanavutana, yeye ndo nyasi.

SIDE: Hapo nakubali mia kwa mia. Ila na wachezaji wenyewe sio wote wakubwa, shabiki akisikia NBA anamuona Kobe tu. Yule wa mwisho benchi anacheza miaka minne goti linakwisha harudi tena, huyo asilimia 7 inamuuma. Tarehe 15 Novemba mshahara wa kwanza haukuingia, watu walishaanza kutawanyika, Deron Williams yupo Uturuki anachezea Besiktas, J.R. Smith na Kenyon Martin wakaenda China, tena wale ndo waliumia maana ligi ya China iliwaambia ukisaini hapa hutoki mpaka msimu uishe.

NEEMA: Na Hasheem Thabeet, Mtanzania wetu, je?

SIDE: Hasheem alikuwa na timu ya Houston kipindi hicho, Memphis waliomchagua walishamtoa. Na Thabeet ndo mfano mzuri wa hii mikataba, watu vijiweni walikuwa wanasema kijana wa Dar kapiga dili. Hamna dili pale! Timu zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu, ukichaguliwa namba 2 kama yeye 2009, bei yako imeshaandikwa kwenye mkataba wa ligi, huna unachobishana, labda asilimia kidogo juu au chini. Hizo bei za kuandikwa zilianza 1995, maana mwaka mmoja nyuma Glenn Robinson hajacheza hata dakika moja kapewa mkataba wa dola milioni 68 miaka kumi, matajiri wakashtuka.

NEEMA: Sa hiyo hasara yao iliishaje?

SIDE: Swali zuri hilo. Walikaa kikao cha saa 15 pale New York, usiku wa kuamkia 26 Novemba saa tisa na ushee ndo wakatoka na makubaliano, nusu kwa nusu, mapato yakipanda au yakishuka wachezaji wanachukua 51 au 49. Matajiri wameshinda. Halafu 2014 timu ya Clippers inauzwa dola bilioni 2. Timu ambayo mwenyewe aliinunua 1981 kwa milioni 12 na nusu! Mwaka 2025 Lakers wanathaminiwa bilioni 10. Gari bovu hilo, linaleta hasara kila siku, ila ukiuliza bei unaambiwa kaa chini kwanza.

NEEMA: (anacheka) Na sisi mashabiki tulirudi tu kama hamna kilichotokea.

SIDE: Tulirudi tena mbio, Krismasi. Knicks na Celtics saa mbili usiku kwa saa zetu, pilau bado ya moto, Carmelo wa Knicks kaweka pointi 37, nani alikumbuka mama wa bisi?

NEEMA: Mi niseme kitu kabla hatujafunga. Mi nimecheza kikapu mtaani, kuna timu, sitaji jina, tuliahidiwa nauli ya mechi sita, mwisho wa siku tukapewa soda na maneno matamu. Kwa hiyo Julai 2025 nilivyoona wale dada wa WNBA, ligi ya kikapu ya wanawake, kwenye Ol Sta, mechi ya nyota wa ligi, pale Indianapolis wameingia kupasha na fulana nyeusi zimeandikwa tulipeni mnachotudai, nilisimama sebuleni peke yangu. Nyota wao Caitlin Clark anajaza viwanja, 2024 analipwa dola elfu 76 na mia tano hivi kwa msimu mzima, wakati ligi imesaini mkataba wa tivii wa bilioni 2.2 kwa miaka 11. Na mashabiki mle ndani wakati wa kutoa kombe wakaanza kuimba walipeni, walipeni!

SIDE: Dada Neema.

NEEMA: Nini?

SIDE: Si dakika kumi zilizopita ulikuwa upande wa tajiri?

NEEMA: Sikuwa upande wa tajiri, nilikuwa upande wa bisi. Zima maiki hiyo.