Kumi na Mbili, Sitini na Tano: majina tuliyoipa mitaa wenyewe

Shikamooni wakubwa, na nyie wadogo mambo vipi! Wagosi wangu wa Tanga, leo nawatembeza Wedding, kaskazini mwa Berlin. Ngoja nigeuze kamera. Mnakiona kile kibao? Kisomeni: Tangastraße. Mtaa wa Tanga, huku huku Ujerumani! Na hapa jirani kuna Usambarastraße, kuna Sansibarstraße. Majina ya aina hii yalianza kuwekwa eneo hili enzi zile Wajerumani wanatutawala, na sidhani kama kuna Mdigo au Mbondei aliyeulizwa.

Ipo na barabara nyingine hapa, mwaka 1939 iliitwa kwa jina la Carl Peters, yule aliyezunguka Usagara na Uzigua akiwawekesha machifu sahihi kwenye mikataba. Watu wamelipinga jina lile miaka na miaka. Agosti 2024 likaondolewa, na kipande kimoja leo kinaitwa Maji-Maji-Allee. Nilipokiona kibao kipya nilisimama pale, machozi yakanilenga.

Ila nilichowaitia leo ni majina yasiyo na kibao. Vijana wa hapa Wedding, ukiwauliza wanatoka wapi, wapo watakaokujibu: sitini na tano. Ilikuwa namba ya posta ya eneo hili zamani. Sehemu moja ya Kreuzberg ilikuwa thelathini na sita, Neukölln arobaini na nne. Posta ilizifuta namba hizo mwaka 1993, ikaleta mpya. Vijana wakakataa kuziachia! Mpaka leo mtoto aliyezaliwa baada ya 2000 utamkuta na 36 kwenye fulana. Tena hukata maneno hao: kituo cha Kottbusser Tor ni Kotti, bustani ya Görlitzer ni Görli. Wengi wao ni watoto na wajukuu wa Waturuki na Waarabu waliohamia huku, na ndani ya namba ile hakuna anayewauliza kwao hasa ni wapi.

Sasa turudi nyumbani, Ngamiani. Barabara zetu zina namba: ya kwanza, ya pili, zinakwenda mpaka kwenye ishirini huko. Muulize kijana anakaa wapi. "Kumi na Mbili." Basi, kamaliza. Neno barabara lenyewe halitaji. Na kwa jibu hilo moja umeshajua mengi, timu gani ya mtaani anachezea, anakaa baraza gani jioni, hata vitumbua vya asubuhi anavinunua kwa mama gani. Ndiyo maana hainiingii akilini mzazi anapomkemea mwanawe kwamba kuuita mtaa kwa jina la kijiweni ni uhuni.

Tazameni Dar. Temeke ikawa TMK. Sinza kwa Remmy, pale alipokaa Remmy Ongala, mwanamuziki, mwenyewe alifariki mwaka 2010 na konda bado anaita, "Kwa Remmy, kwa Remmy, wa kushuka!" Mbagala Rangi Tatu leo imepakwa kwenye ubavu wa daladala. Majina haya yametoka midomoni mwa watu, konda akayabeba, na mgeni akifika anayakuta ndiyo ramani.

Sitetei kila jina. Uwanja wa Fisi kule Manzese, mtoto wa pale akienda kuomba kazi analitaja eneo lake kwa sauti ya chini, na hilo linaniuma. Yapo na ya matusi, ya kuwadhalilisha dada zetu. Hayo yakifa, yafe.

Mwaka 2022, kabla ya sensa, nchi nzima iliingia kwenye kazi ya anwani za makazi: vibao, namba za nyumba, postikodi. Kazi njema, gari la wagonjwa litafika haraka. Lakini kibao kina nafasi ya jina moja tu, na jina likishaandikwa, lile la kijiweni linabaki halina pa kukaa. Wakifa wanaolitamka, nalo limekwenda, na hatutajua waliokaa pale walijiitaje.

Kwa hiyo nina ombi, na naomba kwa dhati. Kaeni na vijana wa Makorora, Mwanzange, Chuda, na Usagara ya hapo Tanga mjini. Waulizeni wanapaitaje, nani alianza kuita hivyo, na jina linaanzia kona ipi linaishia wapi. Waulizeni na makonda wanaopeleka watu Kange, wanajua kuliko ofisi yoyote. Msiwasahau wazee, maana nao walikuwa vijana, walikuwa na yao. Rekodini kwa simu, sauti hasa, nisikie linavyotamkwa, kisha mnitumie. Nitayapanga mtaa kwa mtaa kwenye ramani na kuiweka hapa hapa kila mtu aione. Watu wa Sahare na Mikanjuni, nawasubiri nyie wa kwanza.