Utangulizi Uandike Mwisho

(Mhadhara kwa waandishi chipukizi, Lindi mjini)

Wazee shikamooni, vijana hamjambo. Walionisikia Mtwara wanajua nitakalosema, wanivumilie. Nitaacha kulisema siku nitakapoletewa mswada usioanza na "Tanzania ni nchi iliyoko Afrika Mashariki".

Mnacheka! Yupo kijana wa hapahapa Lindi, alitaka kuandika kitabu cha Tendaguru, kile kilima cha huku Lindi. Habari ya Wajerumani waliochimba mifupa ya dinosaria pale, 1909 hadi 1913, mnaijua, na mjusi wenu huyo mkubwa yuko Berlin, siirudii. Basi kila nikikutana naye, "Kitabu vipi?" "Mwalimu, bado niko kwenye utangulizi." Mikorosho inachanua, korosho zinaokotwa, zinapelekwa ghalani, yeye yumo kwenye utangulizi. Mpaka akawa ananikwepa njiani. Siku moja nikambana: katika habari hii yote, kipi hasa kinakunyima usingizi? Akasema, ngata.

Ngata?

"Ndiyo, mwalimu. Wale wapagazi waliotoa mifupa porini hadi bandarini hapa, mizigo imefungwa kwa mianzi, kichwani walijiwekea ngata ya nini? Kaniki? Majani? Na ikilowa jasho je?"

Nikamwambia, nenda kaandike ngata. Utangulizi tupa uvunguni.

Akaenda vijiji vya huko, akakaa barazani na wazee. Aliyekuwepo enzi hizo hayupo, hilo linajulikana, ila ya babu zao wanayo. Mzee mmoja akamviringishia ngata ya majani makavu ya mgomba, akamtwika gunia la mihogo, akamwambia haya, twende kisimani. Kijana alirudi shingo haigeuki, na daftari limejaa mpaka pembeni. Alinisomea huku anacheka peke yake, hata kunisubiri nicheke hakunisubiri. Sura ile leo iko katikati ya kitabu. Ingekuwa mwanzoni au mwishoni, nani angejali?

Najua yupo anayenung'unika: mwalimu anatudekeza, kitabu ni nidhamu, uamke alfajiri uandike. Haya, amka! Ukiikuta mezani sentensi unayoichukia, kitanda kiko palepale. Alfajiri inamfaa mwenye hamu ya kujua ngata ilikuwa ya nini. Na wewe unayeuliza fedha iko wapi, ndugu yangu, kapalilie mikorosho. Nako utadaiwa hela ya salfa, dawa ya mikorosho.

Nilikuwa na la kusema kuhusu kuwasomea watu rasimu. Kwa kifupi tu: wasomee ukurasa unaokuwasha, tena kwa sauti, uone wanaanza kupiga miayo wapi. Kuhariri tutazungumza siku nyingine. Wachapishaji siwagusi kabisa, mwenyeji wetu ananionyesha saa, na mimi nikianza na wale hatutoki humu kabla ya magharibi.

Maswali. Mama pale nyuma, mkono umeshakuchoka, karibu.