Pima Damu Kabla ya Kubeba Bomba

Mhadhara uliotolewa Malindi mbele ya wakulima, vibarua na wahudumu wa zahanati

Asalaam aleikum, na ndugu zangu Wakristo, Bwana asifiwe. Wazee wetu, mama zetu, vijana mliotoka Ganda, Kakuyuni, Jilore na ng'ambo ya Sabaki, karibuni.

Mtu anafika zahanati jioni, kichwa kinamgonga, anatapika, mwili umelegea. Hapa kwetu Pwani la kwanza kufikiriwa ni malaria, na kipimo cha malaria kifanywe. Lakini nawaomba wenzangu wa zahanati: kabla hujamchoma kidole, muulize leo ameshinda akifanya kazi gani. Akikwambia alikuwa akipiga dawa ya wadudu kwenye nyanya, mtazame macho. Mboni zimekuwa ndogo mno, hata akiwa kivulini? Macho yanatoka machozi, mate yanamjaa, jasho linamtiririka na feni inazunguka? Malaria haifanyi mboni zikawa hivyo. Huyo kapata sumu, na akirudishwa nyumbani na vidonge vya malaria peke yake, usiku anaweza kushindwa kupumua.

Dawa ninazozisemea leo ni za jamii mbili: oganofosfeti, kama malathioni, diazinoni na klopairifosi, na kabameti, kama kabarili. Zote zinagusa mahali pamoja. Mshipa wa fahamu unapouamrisha msuli hutoa kemikali iitwayo asetilikolini. Amri ikishafika, kimeng'enya kiitwacho kolinesterasi huivunja kemikali hiyo mara moja ili msuli upumzike. Dawa hizi hukifunga kimeng'enya hicho, na amri ikawa haikomi. Ndiyo maana jasho na mate havikatiki, tumbo linaendesha, misuli ya kope na mapaja inachezacheza, na mwisho wake misuli ya kupumulia inachoka.

Anayeanguka shambani watu humwona na kumkimbiza hospitali. Mimi ananitia wasiwasi zaidi yule asiyeanguka. Kolinesterasi ya kwenye chembe nyekundu za damu ikishafungwa na oganofosfeti, hurudi polepole kadiri mwili unavyotengeneza chembe mpya, takriban asilimia 1 kwa siku. Basi kijana anayepiga dawa kila wiki, na kila mara anapoteza asilimia 10, wiki ijayo anaingia shambani akiwa bado hajarudisha alichopoteza. Ni mtungi unaochotwa kwa kata na kujazwa kwa kijiko. Anajiona yuko sawa, kichwa kizito kidogo, usingizi mbaya, anasema ni uchovu wa jua. Halafu siku moja anapiga dawa ileile, kwa kipimo kilekile alichozoea, na anaanguka. Watu wanasema amerogwa.

Hilo la kuchotwa kidogo kidogo linaonekana kwenye damu kabla ya kuonekana kwa macho. Lakini lazima damu ipimwe mara ya kwanza kabla mtu hajaanza msimu, akiwa amekaa angalau siku 30 bila kugusa dawa hizi. Nawaomba mlishike hili kuliko mengine yote nitakayoyasema. Watu wenye afya hawalingani: mmoja ana kolinesterasi nyingi kwa maumbile yake, mwingine chache. Yule wa nyingi akipoteza theluthi nzima, karatasi ya maabara inaweza bado kusema yuko kawaida. Hakuna wa kumlinganisha naye isipokuwa yeye mwenyewe wa kabla ya msimu.

Jimbo la California, Marekani, limekuwa likiwapima wafanyakazi wa mashambani hivi kisheria tangu mwaka 1974, na viwango vyao viko wazi. Kipimo kikishuka hadi asilimia 80 ya kile cha mwanzo, wanakwenda shambani kuangalia kazi inafanywaje: bomba linavuja? Anachanganya kwa mkono mtupu? Kolinesterasi ya chembe nyekundu ikifika asilimia 70, au ya plazima, yaani majimaji ya damu, ikifika 60, mtu anaondolewa kwenye dawa hadi arudi 80. Fanyeni hesabu ya asilimia 1 kwa siku mtaona kwamba anaweza kukaa siku kumi au zaidi nje. Hapo ndipo penye ugumu wenyewe. Kibarua akijua kuwa kipimo kibaya maana yake ni kukosa riziki, hatakuja kupimwa, na mimi simlaumu. Mwenye shamba, mpe kazi nyingine. Apalilie mbali na palipopigwa dawa, amwagilie, afunge makreti, na ujira wake usipungue. Bila hilo, upimaji wote utabaki kwenye makaratasi.

Sheria yetu haikulala. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri atoe mavazi ya kinga, na gharama za uchunguzi wa afya unaotokana na kazi hazimhusu mfanyakazi. Mkiambiwa mjilipie, ulizeni.

Sasa, dawa inaingilia wapi? Wengi mtasema puani. Kwa mpiga dawa, njia kubwa ni ngozi. Chukueni bomba la mgongoni mliangalie vizuri. Mpira wa kifuniko umechakaa, mtu akiinama kidogo dawa inachuruzika mgongoni, inashuka kiunoni, inalowesha suruali, na yeye anaendelea mpaka adhuhuri kwa sababu kwenye joto la Malindi ule ubaridi anauona nafuu. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1971 ulipima parathioni, nayo ni oganofosfeti, inavyopenya ngozi za wanaume. Kwenye mkono, kati ya kiwiko na kiganja, ilipenya chini ya asilimia 10. Kwenye korodani ilipenya karibu yote. Samahani mama zetu, lakini hili lazima lisemwe kwa jina lake. Mpira wa kifuniko ni pesa ndogo sana. Badilisha. Weka karatasi ya plastiki kati ya bomba na mgongo, piga dawa alfajiri wakati mavazi mazito yanavumilika, na ukilowa, vua hapo hapo ujioshe kwa sabuni. Usingoje kumaliza mstari.

Na nguo zile zinafuliwa na nani? Na mke, katika karai lilelile la nguo za mtoto. Hajawahi kubeba bomba, hakuna anayemhesabu. Zahanati, naye mumuulize.

Wenzangu wa maabara, maneno machache. Kama mnatumia kile kifaa kidogo cha tone la damu ya kidole, muosheni mtu mikono kwa sabuni kwanza, maana dawa iliyobaki kwenye ngozi inaharibu kipimo, na atasomeka mgonjwa kuliko alivyo. Damu ya kusafirishwa ikae kwenye ubaridi. Tumieni maabara moja na njia moja tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sababu namba za maabara mbili hazilinganishiki. Na kabameti hukiachia kimeng'enya baada ya saa chache, kwa hiyo kipimo cha kesho yake kinaweza kuwa kizuri kwa mtu ambaye jana aliumia kweli. Pairethroidi, dawa za wadudu za jamii nyingine, na parakwati, dawa ya kuua magugu, hazionekani kabisa kwenye kipimo hiki. Mtu wa parakwati msimwambie yuko salama kwa sababu ya kolinesterasi.

Narudi kwa vibarua. Mashamba makubwa ya mbali huweka faili la kila mfanyakazi ofisini. Kibarua wetu leo yuko Ganda kwenye nyanya, mwezi ujao yuko Magarini kwenye tikiti maji, baadaye anapiga miembe inapotoa maua. Faili la nani litamfuata? Tayari kila mmoja wenu ana daftari la zahanati nyumbani. Kwenye jalada la ndani iandikwe namba ya kipimo cha mwanzo, tarehe, na maabara iliyopima. Chini yake, kila kazi: siku gani, zao gani, jina la dawa kama lilivyo kwenye chupa, na saa ulizopiga. Asiyejua kuandika aandikiwe na mtoto wa shule. Daftari hilo ni lako. Usiliache kwa tajiri.

Mtu akianguka, mtoeni penye dawa, mvueni nguo zilizolowa, mwosheni kwa sabuni na maji mengi, nanyi mvae glavu. Msimpe maziwa, mama zetu, wala msimtapishe. Mkimbizeni hospitali na chupa ya dawa yenye karatasi yake, au mpige picha kwa simu, na daftari lake. Atropini, dawa ya hospitali, ipo kwa ajili ya sumu hii, na daktari anapojua ni dawa gani na imepigwa saa ngapi, hapotezi muda kutafuta malaria.