Bundi juu ya paa: imani, sheria na panya wa mahindi

Kamwene. Wazee wangu, mabibi na mabwana, na ninyi maofisa ugani mliotoka Kilolo na Mufindi, karibuni.

Nianzie mbali, baharini, ila sitakaa huko. Mabaharia wa Ulaya waliogopa kumuua albatrosi, ndege wa bahari za kusini ambaye jamii yake kubwa hukunjua mabawa yakapita mita 3. Walisema amebeba roho ya baharia aliyekufa maji. Ukimuua, chombo kinapata mkosi. Haohao wakamvua kwa ndoana, na ngozi ya miguu yake wakatengenezea mifuko ya tumbaku. Leo analindwa na mkataba wa kimataifa uliosainiwa 2001 na kuanza kutumika 2004, maana imani haikumwepusha na ndoana za meli za uvuvi. Kwetu mambo ni kinyume: bundi anauawa kwa sababu ya imani.

Mnaijua. Bundi akilia juu ya paa, kuna msiba, bundi katumwa. Januari 2019, bundi alipoonekana ndani ya ukumbi wa Bunge Dodoma, Spika Job Ndugai aliwaambia wabunge kwamba kwa mila za Dodoma bundi wa mchana hana madhara. Mimi naona alijibu kwa busara: hakubishana na imani, aliituliza kwa imani nyingine.

Sasa, kwa nini watu husema bundi analilia nyumba ya mgonjwa? Mgonjwa analala taa ikiwaka. Taa inavuta wadudu, na bundi wadogo wanakula wadudu. Anayeuguza yuko macho saa nane usiku, jirani amelala fofofo. Bundi analia juu ya nyumba zote mbili, anakumbukwa wa nyumba iliyofiwa. Na ule mkoromo wa darini unaowahamisha watu chumba ni makinda wanaodai chakula. Mama yao ni yule bundi mwenye uso mweupe wa umbo la kopa. Haumsikii akipita kwa sababu ukingo wa mbele wa bawa lake una vijino laini vinavyokata mvumo wa hewa.

Tuje kwenye sheria. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori, Namba 5 ya 2009, inasema wanyamapori wote ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais, na tafsiri yake ya mnyama inachukua ndege, kinda na yai. Kumuua bila kibali ni uwindaji haramu. Unyoya, kucha au kichwa chake ukikutwa nacho ni nyara ya Serikali, hata kama mganga ndiye aliyekuagiza. Aina zote za bundi zimo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, hivyo kumvusha mpaka pale Tunduma bila kibali ni kosa jingine tena. Na anayesema "huyu bundi katumwa na fulani" aisome Sheria ya Uchawi ya 1928, Sura ya 18. Inamgusa hata anayemtuhumu jirani.

Lakini mkulima hasikii sheria mpaka aone faida, kwa hiyo nisemee panya. Panya shamba jike huzaa watoto kumi hivi kwa mkupuo mmoja. Wanazaliana kuelekea mwisho wa masika, wanajaa kiangazi, na Novemba mkipanda wanafukua mbegu kabla haijaota. Bundi mmoja mzima hula panya watatu au wanne kwa usiku, na wakati wa kulea jozi hukamata wengi zaidi. Sitawadanganya: panya wakishalipuka, bundi hawawezi peke yao. Kazi yao ni kupunguza idadi kabla ya hapo.

Akitaga darini, vumilieni. Mayai 4 hadi 7, siku 30 za kuatamia, kisha miezi miwili makinda hawajaruka. Ukiziba tundu mapema wanafia ndani, na harufu hiyo itakukaa darini wiki nzima. Subirini waondoke, kisha zibeni na mumpe bundi sanduku la kutagia. Mbao za paini zinatosha: sakafu sentimita 40 kwa 60, tundu la kuingilia sentimita 13 kwa 13, na kutoka sakafu hadi tundu sentimita 45. Kipimo hicho cha mwisho ndicho mafundi wanachopuuza. Sanduku likiwa fupi, makinda wanachungulia, wanaanguka, wanaliwa na paka. Litundikeni mita 3 au zaidi, kivulini, tundu lisielekee upande wa mvua, na sakafu itobolewe matundu madogo ya kutoa maji. Msitumie bati, jua la Oktoba litawachoma.

Sumu. Zile za kuzuia damu isigande, kama bromadiolone, humwacha panya akitembea siku kadhaa huku amelewa. Bundi humkamata huyo kwanza, na sumu hujikusanya kwenye ini lake. Zinki fosfaidi huua ndani ya saa chache na haijikusanyi hivyo, ila kuku na mbwa nao inawaua. Yoyote mtakayotumia, okoteni mizoga kila asubuhi na muifukie.

Shida kubwa ya masanduku ni nyuki. Kagueni mwezi kabla ya kupanda. Wakishaingia, mwiteni mfugaji wa nyuki awahamishe usiku. Naona mzee wa Mufindi ameinua mkono tangu nilipotaja nyuki. Karibu, mzee.