Milango kati ya seli na seli

Wazee wangu, shikamooni. Wengine wote, habari za jioni.

Nianze na swali la jikoni. Nani hapa amewahi kupasua kambale aliyetoka majini sasa hivi? Naona mikono, hasa ya kina mama wa Mwaloni, soko letu la samaki hapa Mwanza. Basi mmeshuhudia: matumbo yameshatolewa, moyo uko pembeni kwenye sinia, na bado unadunda. Hakuna ubongo unaouamuru. Seli zile zinajuaje kujikaza kwa pamoja?

Ukizitenganisha seli za moyo maabara na kuzitawanya kwenye maji yenye virutubisho, kila moja hudunda kivyake, kama wapiga ngoma wasiojuana. Ziache zisogeleane. Zikishagusana na kushikana, baada ya muda zinadunda pamoja. Zimefunguliana milango.

Milango ya kweli, jamani. Kwenye utando wa seli, protini sita ziitwazo koneksini hukaa duara na kuacha tundu katikati. Jirani naye huleta sita zake. Duara likikutana na duara, linakuwa bomba moja kutoka ndani ya seli hii hadi ndani ya ile. Pengo kati ya seli hapo ni nanomita 2 hadi 4 tu, na nanomita ni milimita moja ukiigawa mara milioni. Chembe zenye chaji ya umeme hupita, sukari hupita, protini kubwa hazipiti. Ninyi mnaoishi kule milimani, nyumba juu ya mawe, dirisha linatazama dirisha, mnanielewa: chumvi utampitishia jirani, kitanda hakipiti.

Mwaka 1959 wanasayansi Furshpan na Potter walionyesha, katika mishipa ya fahamu ya kamba wa maji baridi, kwamba umeme unaweza kutoka seli moja hadi nyingine moja kwa moja. Kisha, miaka ya 1960, mwanasayansi Werner Loewenstein, ili kuichunguza milango hii, akachagua tezi za mate za viluwiluwi vya wadudu. Msicheke. Seli za tezi hizo ni kubwa, sindano inaingia bila taabu. Na baadhi ya wadudu hao ni wa ukoo mmoja na hawa wetu wanaopanda kutoka ziwani kama moshi, mnaowafagia asubuhi chini ya taa. (Koneksini wao hawana, wana protini za aina nyingine, ila kazi ni ileile.)

Sasa, seli moja ikitobolewa inakuwaje? Kalsiamu, ambayo nje ni nyingi kuliko ndani, humiminika kupitia jeraha, na milango ya kwenda kwa majirani hujifunga. Kwangu mimi jambo hili linapita ule ugunduzi wa mwanzo. Bila kufuli hiyo, tundu la seli moja lingewavujisha majirani wote.

Ndiyo, baba, uliza.

“Mwalimu, ule moyo wa kambale hatimaye husimama. Ni milango imefungwa?”

Umenigusa penyewe. Oksijeni ikiisha, seli hujaa asidi, kalsiamu hupanda, na milango huanza kufungwa. Nishati nayo inakuwa imekwisha. Ukiutazama vizuri sinia likiwa mbele yako, utaona moyo hauzimiki wote kwa mara moja: upande mmoja unatulia, mwingine bado unachezacheza.