Mbona huko matibabu bure lakini jino mnalipia?

Haya, hili swali limeniganda. Kila nikipandisha video kuna mtu anaandika: "Si mlisema huko Uingereza matibabu bure? Mbona ndugu yangu analia na hela ya jino?" Leo nalijibu. Wapo watakaosema najitapa kwamba niko kwa Mfalme, na wapo watakaosema nalalamika nikiwa kwenye neema. Semeni yote mawili, ila sikilizeni kwanza.

NHS, yaani huduma ya afya ya serikali, haitozi mkazi akilazwa. Meno yamewekwa kando tangu zamani: ada ilianza 1951 kwa meno ya bandia, matibabu ya kawaida yakafuata 1952. Na mwenye viza? Mara nyingi kashatoa ada ya afya ya pauni 1,035 kwa kila mwaka wa viza (mwanafunzi 776) kabla hajapanda ndege, na bado akikaa kwenye kile kiti analipa sawa na mwenyeji. Hapo panauma kuliko jino lenyewe.

Nazungumzia England tu. Uskoti kukaguliwa meno hakulipiwi, na Wales wana bei zao. Hapa bei ni tatu, nazitaja zilivyokuwa katika mwaka ulioanza Aprili 2025. Pauni 27.40 ilikuwa ya ukaguzi, na ndani yake zimo picha za eksirei na kusafishwa ukoga kama daktari ameona unahitajika. Pauni 75.30 ilikuwa ya kuziba, kung'oa na kutibu mzizi. Pauni 326.70 ilikuwa ya kofia za meno na meno ya bandia. Hazijumlishwi! Ukikaguliwa, ukazibwa meno matatu na kung'olewa moja katika matibabu yaleyale, jumla ni ile bei ya pili tu. Mapokezi wakikwambia kusafishwa ni kwa mtaalamu wa binafsi, uliza: daktari ameandika kwamba nahitaji? Kama ndiyo, imo ndani ya bei.

Kwenye kiti, siku ya ukaguzi, hakuna sindano. Kwanza unaulizwa dawa unazotumia, kwa hiyo beba orodha. Amlodipine ya presha, kwa mfano, huweza kuvimbisha fizi, na dawa za kuzuia damu kuganda hubadilisha mpango wa kung'oa jino. Kama una ujauzito, sema kabla ya picha. Kama unakula tambuu au unaweka ugoro mdomoni, sema pia, maana daktari atakagua ulimi, mashavu na shingo akitafuta dalili za saratani.

Halafu utamsikia akimtajia msaidizi namba, na wengi hapo roho huruka. Si idadi ya meno ya kung'olewa. Kinywa kimegawanywa sehemu sita, na kila sehemu inapimwa kwa kijiti chenye kitone cha nusu milimita nchani. 0 ni safi, 1 fizi inatoa damu, 2 kuna ukoga uliogandamana, 3 ufizi umeanza kuachana na jino kwa takriban milimita 4 hadi 5, na 4 ni zaidi ya hapo. Ukisikia 3 au 4 omba ufafanuzi palepale, maana fizi huharibika bila maumivu. Picha mara nyingi ni mbili, unauma kikaratasi kila upande, ili yaonekane matundu yaliyojificha kati ya magego.

Watu wa Arusha, Meru na kandokando ya Kilimanjaro, hili ni lenu. Rangi ya kahawia iliyotokana na floridi ya maji si uchafu, na haitoki kwa kusafishwa. Mwambie daktari umekulia wapi, asije akaihesabu kama ukoga au jino linaloanza kuoza.

Sasa fomu, ndipo watu wanapoumia. Mjamzito, aliyejifungua ndani ya miezi 12 iliyopita na aliye chini ya miaka 18 hawalipi. Mwenye kipato kidogo anajaza fomu ya HC1, akikubaliwa anapewa cheti cha HC2 (msamaha wote) au HC3 (sehemu tu). Usiweke alama kwenye kisanduku cha msamaha kwa kubahatisha, eti mtoto bado mdogo. Wanakagua baadaye, na faini ni mara tano ya ada, kikomo pauni 100, juu ya ada yenyewe. Kwa matibabu ya bei ya pili na ya tatu, dai mpango wa maandishi kabla ya kuanza.

Kurudi si lazima kila miezi sita. Mtu mzima hupangiwa kati ya miezi 3 na 24, kulingana na kinywa chake, kwa hiyo usijilinganishe na jirani. Ukikosa miadi ya NHS hawaruhusiwi kukutoza, ila wanaweza kukuondoa, na kupata kliniki nyingine inayopokea watu wazima wapya ni kazi ya kupiga simu wiki nzima.

Na mnaouliza kung'arisha meno yawe meupe kama ya kwenye matangazo: hiyo haimo kwenye bei ya ukaguzi, unalipa mwenyewe.